Injini moja, lupangu ishirini: nani akate majani ya Lubumbashi?

*Mvua huotesha majani haraka kuliko kupekupe linavyoyafyeka. Mashine za bustani zimeingia mjini kuleta nafuu, lakini nyingi zilibuniwa kwa udongo mwingine na maisha mengine. Makala hii inauliza ni ipi inayofaa hapa, iwe ya nani, na ishikwe na mkono upi.*

Januari, Lubumbashi huamka ikiwa imelowa. Mvua ya usiku imeacha madimbwi kwenye barabara za udongo za Katuba na Ruashi, na majani yaliyofyekwa majuma mawili yaliyopita yamefika tena magotini. Kabla jua halijapanda, vijana hupita mlango kwa mlango, kupekupe begani, wakimuuliza mama mwenye nyumba kama leo kuna kazi.

Kupekupe ni chuma chembamba kirefu kilichopindwa ncha, ndugu wa fyekeo la Tanzania. Kijana huinama, huzungusha mkono, na majani hulala upande mmoja. Atafanya hivyo mara elfu kadhaa kabla ya kumaliza lupangu moja, jina ambalo wakazi wa hapa hukipa kiwanja chenye nyumba, uzio, miembe na kila kinachoota ndani yake.

Nenda mtaa wa Golf, usikie sauti nyingine. Nyuma ya kuta ndefu kuna injini inayonguruma. Mtu ameketi juu ya trekta ndogo, visu vinazunguka chini yake, na uwanja unabaki laini kama zulia. Lakini si ajabu, nyumba chache mbele, kuiona mashine kama hiyo ikiwa chini ya mwembe, tairi limelala, mkanda umekatika, ikingoja kipuri kutoka Afrika Kusini. Na pembeni yake, kijana yuleyule na kupekupe lake.

Kila masika mji huu hukutana upya na swali la mkono au mashine. Majani lazima yakatwe. Kwa familia yenye watoto, majani marefu ni maficho ya nyoka. Kiangazi kikifika, yaleyale hukauka na kuwa kuni za moto unaoweza kuruka uzio. Trekta ndogo ya bustani inaahidi kumaliza kazi hiyo. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila haiji yenyewe.

Jembe lilivyorudi mjini

Lubumbashi haikujengwa iwe mji wa kulima. Ilianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Mwajiri mkuu alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, na tangu 1911 tanuri lake liliyeyusha shaba pembeni mwa mji. Mfanyakazi alipewa nyumba kambini na posho ya unga. Kampuni ilisimamia mpaka usafi wa mlango wake.

Gécamines, kampuni ya taifa, ilipoirithi kazi hiyo baada ya utaifishaji wa 1967, mpango ule uliendelea. Mwaka 1986 ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Kisha mambo yakaanguka. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka 1990, uporaji ukaikumba nchi 1991, na mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi. Mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia.

Familia ziligeukia kilichokuwa karibu, yaani lupangu. Mahindi yakapandwa chini ya dirisha, lengalenga kando ya ukuta, viazi vitamu penye maua. Uwanja uliokuwa wa kupendezea macho ukawa ghala la chakula.

Hali hiyo haijapita. Mji huu unategemea sana mahindi na unga unaovuka mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, Februari 2024, tishio liliingia moja kwa moja kwenye sufuria ya bukari, ugali wa hapa. Ndiyo maana kutunza kiwanja cha nyumbani hapa si suala la urembo peke yake. Mashine inayojua kukata nyasi tu, isiyojua kuandaa tuta la mboga, imejibu nusu ya swali.

> Hapa lupangu ni uwanja wa watoto, ni bustani na ni ghala. Mashine inayolifaa lazima ijue kazi zaidi ya moja.

Mashine iliyozaliwa kwa ajili ya nyasi

Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza 1830 na Edwin Budding wa Stroud. Trekta za bustani zilistawi baadaye sana nchini Marekani, katika vitongoji vya nyumba zenye nyasi pande zote. John Deere ilianza kuuza trekta yake ya bustani, 110, mwaka 1963, mwaka uleule ambao hapa kwetu kujitenga kwa mkoa wa Katanga kulifikia kikomo.

Uzuri wa trekta hizo uko katika zana zinazofungwa juu yake. Injini hubaki ileile, kazi hubadilika. Chini yake hufungwa visu vya kukatia nyasi, nyuma rotaveta ya kuchimbua udongo au tela la kubebea mizigo, mbele bamba la kusukumia kifusi. Aliyenunua injini moja amenunua vibarua kadhaa, ilimradi anunue na zana.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu jina moja la trekta ndogo hubeba mashine tatu tofauti.

Ya kwanza ni ile ya kukalia na kukatia nyasi tu. Ina magurudumu laini na gia nyepesi. Inaweza kuvuta tela dogo, lakini ukiifungia jembe gia zake zitasagika.

Ya pili ni trekta kamili ya bustani. Fremu yake ni nzito, matairi yana meno, na inastahimili jembe na rotaveta. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa mbali hufanana na ile ya kwanza kiasi kwamba muuzaji asiye mkweli anaweza kukuuzia moja kwa jina la nyingine. Kabla ya kutoa pesa, inama utazame chini. Uliza kama imejengwa kulima ardhi, na kama ina mhimili wa kutoa nguvu kwa zana.

Ya tatu ni pawatila, trekta ya magurudumu mawili ambayo mtu huitembeza kwa mikono akiwa nyuma yake. Nyingi zina nguvu ya farasi kati ya 7 na 15. Haina kiti wala fahari, lakini hulima, na zile zilizotengenezwa kupokea zana nyingine hukata majani, huvuta tela na huendesha pampu ya maji. Hupita kwenye lango jembamba, na ikikwama watu wawili huisukuma.

Hesabu ya lupangu moja

Chukua lupangu la mita 20 kwa 30. Ondoa nyumba, choo, kisima na miti. Zinabaki kama mita za mraba 400 za kukata.

Trekta ya kukalia yenye upana wa kukata wa karibu mita moja, ikienda mwendo wa mtu anayetembea, inamaliza eneo hilo kwa dakika zisizofika kumi. Baada ya hapo hulala majuma mawili. Mwenye nyumba amefunga fedha nyingi katika kifaa kinachofanya kazi kwa dakika na kuzeeka kwa miezi. Petroli iliyosahauliwa tangini huharibika na kuziba kabureta, panya hutafuna nyaya, na mashine hufa bila kuchoka.

Sasa chukua barabara yenye malupangu ishirini kama hilo. Jumla ni mita za mraba 8,000. Pawatila yenye kisu cha sentimeta 80, hata ukipoteza nusu ya muda kwenye kugeuza na kukwepa miti, itaimaliza barabara nzima kwa siku moja ya kazi. Mashine ambayo ingekuwa mzigo kwa mtu mmoja, kwa watu ishirini inakuwa na kazi ya kutosha kujilipia.

> Lupangu moja ni dogo mno kwa trekta. Malupangu ishirini yanaitosha mashine moja.

Kichuguu hakihami

Hata hesabu ikikubali, ardhi yenyewe ina neno la kusema. Nyanda za Lubumbashi zimejaa vichuguu vya mchwa wa jamii ya Macrotermes falciger. Baadhi hupita mita 5 kwenda juu na mita 15 kwa upana wa chini. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa kwenye vichuguu vya ukanda huu wa miombo vimeonyesha kwamba vingine vina umri unaozidi miaka 2,000. Vilikuwapo kabla ya shaba kuyeyushwa hapa kwa tanuri la kisasa, na vingine leo vimo ndani ya uzio wa watu.

Mtengenezaji wa trekta ya kukalia hakukiwaza kichuguu. Miongozo ya usalama ya mashine hizo kwa kawaida huonya dhidi ya mteremko unaozidi nyuzi 15, na ubavu wa kichuguu hupita kiwango hicho kwa urahisi. Trekta ikipanda ubavuni inaweza kupinduka na kumlalia dereva. Pale penye kichuguu kupekupe bado ndiyo zana sahihi, na hakuna aibu kusema hivyo.

Lakini kichuguu kina neema yake. Udongo wake una mfinyanzi na madini ya lishe zaidi kuliko udongo mwekundu uliochoka unaokizunguka. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamechunguza manufaa yake kwa mimea, na wakulima hapa wamekuwa wakiutumia tangu zamani. Tela dogo nyuma ya pawatila linaweza kubeba mzigo huo hadi kwenye tuta la mboga kwa safari chache, kazi ambayo kwa beseni kichwani ingekula siku nyingi.

Pale ambapo usilime

Kuna onyo zito zaidi, na linatoka kwenye bomba refu la moshi ambalo kila mkazi huliona kando ya kilima cheusi cha mabaki ya tanuri. Kwa miongo mingi moshi ule uliangusha shaba, risasi, zinki na kadimi juu ya udongo. Upepo wa mji huu huvuma zaidi kuelekea kaskazini-magharibi, na mitaa ya upande huo ndiyo iliyobeba mzigo. Penga Penga ni mfano unaojulikana: ardhi ilibaki tupu, mimea ikishindwa kuota.

Utafiti wa UNILU na Chuo Kikuu cha Leuven, uliochapishwa 2009, ulipima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa waliokuwa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, viwango vya kobalti vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida. Vumbi na chakula vinatajwa kuwa njia ambazo madini huingia mwilini.

Kwa hiyo rotaveta si rafiki kila mahali. Kuchimbua udongo uliobeba sumu wakati wa kiangazi ni kuirusha hewani, mbele ya watoto. Watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha UNILU walikwenda kinyume cha jembe: waliongeza chokaa na mboji kwenye ardhi tupu ya Penga Penga, wakaotesha nyasi za asili zinazovumilia shaba, zikiwamo Microchloa altera. Lengo lilikuwa kuifunika ardhi ili sumu isiruke na upepo wala kuteremka na maji.

Hapo nyasi si adui wa kufyekwa hadi kwenye mizizi. Ni blanketi. Anayeishi upande ule wa bomba akate juu, aache sentimeta 8 au zaidi, akate wakati ardhi ina unyevu, na asilime mpaka ajue udongo wake. Mboga azipande kwenye magunia au matuta yaliyojazwa udongo uliotoka mahali salama.

> Upande wa bomba la moshi, jani linaloifunika ardhi ni kinga ya mtoto.

Mkono na injini

Pingamizi kubwa dhidi ya mashine hutoka kwa wale wanaoishi kwa kupekupe. Kwa kijana asiye na ajira, masika ni msimu wa mavuno. Lupangu moja leo, jingine kesho, na unga unapatikana nyumbani. Ukileta injini inayofanya kazi ya watu kumi, unawaambia nini wale tisa? Hoja hiyo ni nzito, na tajiri wa Golf hawezi kuifuta kwa kusema kwamba dunia inaendelea.

Upande wa pili una hoja zake. Bibi anayeishi na wajukuu hana mkono wa kufyeka wala pesa ya kumlipa kibarua kila baada ya majuma mawili. Shule, kituo cha afya na parokia zina viwanja ambavyo kupekupe halivimalizi kabla majani hayajarudi. Na kazi yenyewe huumiza: kuinama saa sita kunavunja mgongo wa kijana wa miaka 20 kabla hajafika 40.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, pande hizi mbili zinakutana mahali pamoja. Anayefaa kuishika pawatila ni yule anayeshika kupekupe leo. Anayajua malupangu: palipo na kisiki, palipozikwa waya wa uzio wa zamani, na jiwe la kukalia la babu linapojificha majanini. Maarifa hayo yana thamani kubwa kwenye mashine. Kanuni za usalama za Marekani huruhusu ncha ya kisu cha kukatia nyasi kwenda hadi kama mita 96 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Jiwe likigongwa na kisu kama hicho huruka kama risasi. Asiyekijua kiwanja ni hatari kwa kila aliye karibu.

Mafunzo nayo hayako mbali. Mji una utamaduni wa vyuma tangu 1910. Una shule za ufundi, ikiwamo Cité des Jeunes ya Wasalesiani, na wachomeleaji wanaojua kutengeneza tela kwa ekseli ya gari lililokufa. Likasi kuna karakana kuu za Panda, zilizojengwa kuhudumia migodi. Ni aibu kwa mji kama huu kungoja boliti ya trekta kutoka ng'ambo.

Somo la majirani

Wengine wamepita njia hii kabla yetu. Tanzania ilipozindua Kilimo Kwanza, Agosti 2009, pawatila zilisambazwa mikoani kwa wingi. Zilifaa kwenye majaruba ya mpunga yenye tope laini. Penye udongo mkavu na mgumu, nyingi zilielemewa, na zilizokosa vipuri na mafundi ziliegeshwa. Kasoro haikuwa kwenye injini peke yake. Zana hazikulingana na udongo, na aliyeileta mashine hakumleta fundi.

Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria na sasa ina makao Nairobi, ilianza na trekta ya magurudumu mawili, kwa wazo kwamba mwenye mashine aikodishe kwa majirani badala ya kuificha kwake. Wazo hilo halihitaji simu ya gharama. Barabara moja ya Kampemba inaweza kulitekeleza kwa daftari na mama mmoja mwaminifu wa kutunza zamu.

Hapa Katanga tumeshajaribu lililo kubwa. Wakati wa ugavana wa Moïse Katumbi, kampuni za madini zilitakiwa kila moja ilime hekta 500 za mahindi. Trekta kubwa zilielekea mashambani, na lupangu likabaki na jembe. Leo Kanuni ya Madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Mitaa iliyo jirani na migodi inaweza kuiweka mezani pawatila ya pamoja, yenye zana zake, vipuri vya misimu miwili na mafunzo ya vijana. Ni ombi dogo kando ya barabara na shule, lakini litagusa kila mlango.

Mwaka wa mashine moja

Mashine ya pamoja haina msimu wa kulala. Septemba, jakaranda zikianza kuchanua, fundi hunoa visu, hubadilisha oili na plagi, hukaza mikanda. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, rotaveta huandaa matuta ya mahindi na mboga pale ambapo udongo ni salama.

Kutoka Desemba hadi Machi, kisu hufanya zamu. Hapa pana kosa la kawaida la kusahihisha: kukata majani hakuzuii malaria. Mbu anayeileta huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Basi siku ya zamu isiishe kabla vijana hawajazibua mfereji, na tela lisiondoke bila kubeba makopo na matairi yanayoshika maji.

Aprili na Mei, kabla majani hayajakauka, hukatwa ukanda kuzunguka uzio ili moto wa kiangazi ukose njia, hasa katika komuni ya Annexe ambako mji unagusana na pori. Yaliyokatwa yasichomwe, yaozeshwe yawe mboji. Juni hadi Agosti, injini huendesha pampu ya maji na kuvuta tela la samadi.

Ratiba hii inasimama juu ya masharti machache ambayo barabara lazima iyakubali kabla ya kununua chochote. Injini izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli au kuguswa kisu. Watoto wawe ndani mashine inapokata. Aliyeshika mashine avae buti na miwani. Na katika kila malipo ya zamu, fungu la vipuri litengwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kupata posho.

Kabla ya mvua nyingine

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya pamoja iliyoamriwa kutoka juu. Wengi waliifanya kwa hofu, na neno lenyewe likabaki na uchungu. Lakini kilichowachosha watu kilikuwa amri. Kusafisha mahali wanapoishi hawakukukataa kamwe, na vijana wanaopita na kupekupe kila alfajiri ya Januari ni ushahidi kwamba mikono ipo.

Kwa hiyo mwenye fedha za kununua trekta ya kukalia na aanze kwa kubisha hodi kwa jirani. Waihesabu barabara yao, waite mchomeleaji wa kona ile na kijana aliyefyeka kwao msimu uliopita, wakae chini ya mwembe watu wote hao pamoja. Wazungumze zana kwanza, injini baadaye. Wakikubaliana Agosti, mvua ya Novemba itamkuta kijana yule kwenye barabara ileile, mikono kwenye usukani wa pawatila na kupekupe limelazwa ndani ya tela nyuma yake, kwa ajili ya kichuguu.